Pindo, Mistara na Gridi: Tovuti Inasomwa na Nani?

Mwanafunzi wangu mmoja, binti anayejifunza kutengeneza tovuti, alinionyesha kazi yake ya kwanza mwaka jana. Ilikuwa tovuti ya shangazi yake anayeuza leso katika Mtaa wa Biashara, Mombasa. Leso ndiyo kanga. Mombasa wengi husema leso, Dar es Salaam na Unguja husema kanga, nami hapa nitasema leso. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa mweupe, na katikati yake palikuwa na picha moja kubwa ya bahari jua linapotua. Juu ya picha liliandikwa neno "Karibu" kwa herufi nyembamba za kijivu. Menyu ilikuwa imefichwa pembeni ndani ya vistari vitatu. Kwenye kompyuta yangu ulipendeza sana. Tukaenda dukani kuufungua kwenye simu ya mwenye duka. Picha ilikawia kushuka, na iliposhuka ikajaza skrini yote.

Shangazi aliishika simu mbali kidogo na uso, kama ashikavyo msahafu wa herufi ndogo.

"Pazuri, mwanangu," akasema. "Sasa leso ziko wapi? Na majina yake?"

Nimelifikiria swali hilo muda mrefu. Wateja wake wengi hawaombi leso kwa rangi wala kwa maua, huomba kwa jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Mtu huingia dukani akiwa tayari analo mdomoni, kwa sababu ana mtu wa kumpelekea maneno hayo. Binti alilijua hilo, amekulia katika duka lile. Lakini alipoketi mbele ya kompyuta alilisahau, akawa mgeni katika biashara ya nyumbani kwao.

Weupe ule hakuubuni yeye. Aliutoa kwenye kiolezo cha bure, aliyekitengeneza kiolezo aliutoa kwa wengine, na ukiufuata mkondo huo kwenda juu utafika Uswisi, katika miji ya Zürich na Basel, miaka ya 1950. Huko wachoraji wa mabango na wachapaji walijenga namna ya kupanga ukurasa ambayo leo kozi nyingi za usanifu wa tovuti huifundisha kana kwamba ni sheria ya maumbile: safu zilizopimwa, maandishi yanayoanzia kushoto, herufi zisizo na vikia, picha chache na nafasi tupu ya kutosha. Max Miedinger alichora herufi za namna hiyo kwa ajili ya kiwanda cha Haas mwaka 1957. Mwaka 1960 zikapewa jina la Helvetica, kutokana na jina la Kilatini la nchi yao. Josef Müller-Brockmann, aliyechora mabango ya ukumbi wa muziki wa Tonhalle mjini Zürich, aliikusanya elimu ya gridi katika kitabu kilichotoka mwaka 1981, nacho bado kinasomwa na wasanifu dunia nzima.

Anayeanza huambiwa kwamba Waswisi walipenda usafi. Mimi ningependa aambiwe gridi ilikuwa inafanya kazi gani. Uswisi ni nchi ya lugha nne. Jarida la Neue Grafik, ambalo Müller-Brockmann na wenzake watatu walilitoa kati ya mwaka 1958 na 1965, lilichapwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa ndani ya toleo moja. Jambo lilelile lilisemwa mara tatu, kila lugha ikiwa na urefu wake. Bila safu zilizopimwa, msomaji wa Kifaransa angejikuta katikati ya Kijerumani asijue amefikaje. Gridi ilimhakikishia kila msomaji kwamba lugha yake iko hapa, na akigeuza ukurasa ataikuta hapahapa. Nafasi tupu ilikuwa ukuta kati ya chumba na chumba.

Mwanafunzi wangu alichukua ukuta, akaacha vyumba.

Kwa mtu wa pwani, gridi haipaswi kuwa kitu cha kigeni. Walionakili misahafu na vitabu kwa hati za Kiarabu walikuwa na kifaa kiitwacho mistara. Ni ubao au karatasi ngumu iliyotobolewa kingoni, nyuzi zikapitishwa matunduni na kukazwa, kila uzi mahali pa mstari mmoja wa maandishi. Mwandishi hulaza karatasi safi juu ya nyuzi, akaisugua kwa kidole gumba mpaka kila uzi uache alama yake. Wino hautumiki. Ukiitazama karatasi hiyo wima huoni kitu. Ukiilaza upande kwenye mwanga wa dirisha, mistari yote inatokeza, imenyooka, pambizo zikiwa zimeachwa tayari. Neno letu mstari limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa jina la kifaa hicho. Mtoto wa darasa la kwanza anapoambiwa aandike juu ya mstari, anaambiwa jambo la kale sana.

Tangu nilipoanza kuwaeleza wanafunzi gridi kwa njia ya mistara, sina shida tena ya kuwafanya waelewe kwa nini mistari ya gridi haionekani kwenye tovuti iliyokamilika. Alama ya uzi ni ya mwandishi. Msomaji anapata unyoofu tu, wala hajui umetoka wapi.

Lakini mapokeo ya Uswisi na ya hati za Kiarabu yanaachana katika jambo moja, na hapo ndipo anayeanza ana kitu kikubwa cha kujifunza. Mswisi alianza na karatasi. Aliujua ukubwa wake, akaigawa kutoka ukingoni kuja ndani. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefia gerezani mwaka 940 akiwa amekatwa mkono wake wa kulia, anakumbukwa kwa kuzipa herufi kanuni ya vipimo inayoanzia kwingine kabisa. Yeye alianza na ncha ya kalamu. Kalamu ya mwanzi iliyokatwa ikigusishwa karatasini huacha nukta yenye umbo la msambamba. Nukta hiyo ndiyo kipimo. Alif ina urefu wa nukta kadhaa, na alif hiyohiyo ni kipenyo cha duara ambalo herufi nyingine hupimwa kwalo. Chukua kalamu nene zaidi na nukta itakua, alif itakua, duara litakua, na uwiano hautavunjika.

Sasa fikiria skrini. Msanifu wa tovuti hajui karatasi yake ina ukubwa gani. Mmoja ataifungua kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, mwingine kwenye kompyuta ya ofisini, mwingine ameongeza ukubwa wa herufi kwa sababu macho yamechoka. Kugawa kutoka ukingoni hakuwezekani pale ambapo ukingo haujulikani. Ndiyo maana CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa ambayo Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994 na toleo lake la kwanza likatoka 1996, ina kipimo kinachoitwa em, kinachofuata ukubwa wa herufi yenyewe. Nafasi kati ya aya na aya, pambizo, urefu wa kitufe, vyote vinaweza kupimwa kwa em. Mtu akikuza herufi, kila kitu kinakua pamoja nazo. Anayeanza aanze hapo: chagua kwanza ukubwa wa herufi unaosomeka na nafasi kati ya mistari, kisha vingine vyote vipimwe kutokana na hizo. Wengi huanza na picha ya juu, halafu wanatafuta pa kuyabanza maneno.

Hata urefu wa mstari una historia mbili. Robert Bringhurst, mshairi na mtaalamu wa herufi wa Kanada, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1992 kwamba mstari wa kitabu uwe na herufi kati ya 45 na 75. Mstari ukizidi sana hapo, jicho linaporudi kuanza unaofuata hupotea njia. Sisi tulikuwa na kipimo kingine, cha pumzi na sikio. Kipande cha utenzi kina mizani 8, na ubeti una vipande vinne. Katika miswada ya zamani ya hati za Kiarabu vipande vyote vinne mara nyingi viliandikwa kwa mstari mmoja, vikitengwa kwa alama ndogo. Vitabu vya chapa vikavishusha, kila kimoja mstari wake. Ukurasa ulibadilika na utenzi haukudhurika, kwa kuwa kipimo kilikuwa ndani ya lugha. Shairi la mizani 16 lina ukwapi na utao, nane kwa nane, na kila upande una kina chake. Nimeona mashairi mengi mtandaoni ambayo, yakifunguliwa kwenye simu ndogo, mshororo hukatika mizani mbili kabla ya mwisho na neno moja likabaki linaning'inia peke yake chini. Kina kimezama. Mtengenezaji angeruhusu mshororo ukatike pale kati, baada ya ukwapi, msomaji wa simu, kwa ubeti wa mishororo minne, angepata mistari minane mifupi yenye vina vyake vyote. Ni agizo dogo sana katika CSS, ila sharti anayeliandika awe amelisoma shairi.

Alasiri moja, katika safari ya Lamu, nilikaa barazani kwa maalim wa chuo nikimsikiliza akiwasikiliza watoto. Alitaja maneno matatu ya mwanzo wa aya. Mvulana wa miaka kama kumi alifumba macho na, kabla hajaanza kusoma, kidole chake kikachora hewani: ukurasa wa kushoto, chini, karibu na pambizo. Kisha akasoma.

Watoto walipoondoka nikamuuliza kuhusu kile kidole.

"Shikamoo maalim, nina swali. Yule mtoto alikuwa akionyesha nini?"

"Marahaba. Alikuwa akionyesha aya yake inapokaa. Mwanafunzi wa hifdhi nampa msahafu mmoja tu. Ukimbadilishia, maneno ni yaleyale, lakini yeye amehamishwa nyumba."

Msahafu wa mvulana huyo ni ule unaochapwa Madina katika kituo cha Mfalme Fahd, kwa mkono wa Uthman Taha, mwandishi wa hati aliyezaliwa Syria. Una kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, na kila ukurasa unamalizikia mwisho wa aya, haukati aya katikati kuipeleka ng'ambo. Mpangilio huo waliuendeleza waandishi wa dola ya Uthmaniya kabla yake. Juzuu ni 30, na nyingi zina kurasa 20 kamili. Fikiria kazi ya kupanga kitabu kizima hivyo kwa mkono: hapa mwandishi anabana herufi kidogo, hapa anazivuta, ili pumzi ya mwisho wa aya iangukie mwisho wa karatasi. Pambo lipo, na juu ya pwani yetu, huko Siyu katika kisiwa cha Pate, wanakili wa karne ya 18 na 19 walipamba misahafu yao kwa rangi kwa uzuri wa ajabu. Lakini rangi nazo zina kazi. Nyeusi ni maneno yenyewe. Rangi nyingine inakuja pale msomaji anapotakiwa kujua kitu: sura inaanza, juzuu imefika nusu.

Mtandao una desturi yake ya namna hiyo. Kivinjari cha Mosaic kilipotoka mwaka 1993 kilionyesha viungo kwa rangi ya buluu na mstari chini yake, na mpaka leo mtu akiona maneno ya buluu yenye mstari anajua yanabofywa. Msanifu anayeanza hupenda kuiondoa buluu hiyo kwa sababu haiendani na rangi za duka. Anaweza kuichagua rangi nyingine, lakini kiungo kiendelee kutofautiana na maneno ya kawaida, na rangi ya kiungo isitumike kupamba kitu kisichobofyeka.

Kuna ofisi moja ambayo kila mwaka nalazimika kulipia kibali kupitia tovuti yake. Mwaka wa kwanza nilijifunza njia: kitufe cha kijani, juu kulia. Mwaka uliofuata kitufe kilikuwa kimehamia chini ya picha zinazojizungusha zenyewe. Mwaka wa tatu kilikuwa ndani ya menyu yenye jina jingine kabisa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa. Bando likaniishia nikiwa bado natafuta, na kesho yake nikalipa na faini. Nilimkumbuka mvulana wa Lamu. Mkono wangu ulikuwa umehifadhi njia, na mtu akaihamisha nyumba bila kuniambia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark aliyeandika kanuni kumi za urahisi wa matumizi mwaka 1994, aliweka ulinganifu miongoni mwazo, na baadaye akasisitiza jambo ambalo kila anayeanza anafaa kulikariri: mgeni wa tovuti yako hutumia sehemu kubwa ya muda wake kwenye tovuti za wengine. Anakuja kwako na mazoea yake. Jina la mahali analitarajia juu, sanduku la kutafutia analitarajia juu, namba ya simu na anwani anazitafuta juu au chini kabisa. Ukitaka kuwa wa pekee, kuwa wa pekee katika maneno na picha zako, mlango uache pale watu wanapoujua.

Hata hivyo siwezi kumwambia mtu atengeneze duka kama msahafu. Hafidhi hurudi kwenye ukurasa mmoja mara elfu. Mteja wa leso huja mara moja, pengine akiwa amesimama kwenye daladala, na akikosa anachotaka kwa muda mfupi anaondoka. Kila mapokeo ya ukurasa yamejengwa kwa ajili ya jicho la mtu fulani, na kosa la wanaoanza ni kunakili mwonekano huku wakimwacha nyuma mtu yule aliyekusudiwa.

Japani inalionyesha hili kwa ukali, kwa kuwa nchi hiyohiyo ina vyote viwili. Ndiyo nchi ya chumba cha chai chenye ua moja, na msanifu Kenya Hara, aliyeifanyia kazi kampuni ya Muji, ameandika kitabu kizima kuhusu weupe. Lakini fungua Yahoo! Japan na utakuta ukurasa uliojaa pomoni: vichwa vya habari, hali ya hewa, visanduku, bei, viungo vidogovidogo. Wageni huuona kama fujo. Maandishi ya Kijapani hayana herufi kubwa na ndogo, wala hayaachi nafasi kati ya neno na neno, hivyo mkazo hutafutwa kwa rangi, visanduku na ukubwa. Herufi chache za kanji hubeba habari nyingi mahali padogo. Na familia zimezoea vipeperushi vya maduka vinavyokuja ndani ya gazeti, vimejaa bidhaa na bei hadi ukingoni, ambavyo mnunuzi hukaa navyo akilinganisha. Mtu huyo ukimpa picha ya bahari na neno Karibu, atadhani unamficha kitu. Nadhani shangazi wa Mtaa wa Biashara angeelewana naye vizuri.

Leso yenyewe ni ukurasa. Ikunjue moja kitandani: sentimita kama 150 kwa 110. Pande zote nne zimezungukwa na pindo, ukanda mpana wenye urembo unaojirudia. Ndani yake ni mji, uwanja wa katikati, wenye korosho, ua, tausi au nanasi. Juu kidogo ya pindo la chini, katikati kabisa, kuna kisanduku chembamba chenye jina kwa herufi kubwa nene: WEMA HAUOZI. Zamani majina yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha zikaja za Kilatini. Hati ilibadilika na leso ikabaki leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla, limekuwapo Mombasa tangu mwaka 1887, na mtu aliyezaliwa leo akipewa leso ya zamani ataisoma bila kufundishwa. Anajua pindo ni mpaka, mji ni pambo kuu, jina ni usemi.

Mchoraji wa leso hana rangi nyingi za kuchezea, mara nyingi mbili, tatu au nne. Umaskini huo wa rangi umemlinda. Kwa sababu jina lazima lisomwe na mtu anayepita, huliweka jeusi juu ya jeupe au jeupe juu ya jekundu lililokolea. Wanaosimamia viwango vya mtandao, W3C, wana kipimo cha jambo hilo: maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma yake, na makubwa usiopungua 3 kwa 1. Tuliupima ule ukurasa wa kwanza. Kijivu cha maelezo yake kilikuwa #999999, na juu ya nyeupe kinatoa 2.85 tu. Kijivu cha #767676 kingefika 4.54, kikavuka kwa shida. Binti aliposimama nje ya duka na simu mkononi, jua la saa sita likiwaka juu ya skrini, hakuhitaji namba tena. Hakuona neno hata moja.

Kuna jambo jingine katika leso ambalo lilinichukua miaka kuliona. Huchorwa ikiwa bapa, lakini hakuna anayeisoma ikiwa bapa. Hufungwa kiunoni, hutandwa kichwani, hubebewa mtoto, na mtoto akiwa mgongoni mji wote umejikunja. Mvaaji huigeuza jina likae nyuma, wenye macho walisome akipita, au hulikunjia ndani siku ambayo hana ugomvi na mtu. Mchoraji hajui mwili utakaoivaa. Kwa hiyo pindo hujirudia pande zote, ili upande wowote utakaoonekana ujulikane kuwa ni leso, na jina huwa moja, fupi, mahali pamoja. Kilicho muhimu hakitegemei leso nzima kuonekana.

Watengenezaji wa tovuti walifika hapo kwa kuzunguka sana. Ukurasa wa kwanza kabisa, ambao Tim Berners-Lee aliutengeneza kwenye maabara ya CERN karibu na Geneva na ukawekwa wazi kwa umma mwaka 1991, ulikuwa maneno na viungo tu. Ufungue leo kwenye simu, unasomeka: maneno yanajipanga upya kulingana na upana wa skrini. Kisha katikati ya miaka ya 1990 wakaja watu wa chapa, wakitaka mtandao uwatii kama karatasi. David Siegel aliwafundisha wengi, katika kitabu cha mwaka 1996, kupanga kurasa kwa majedwali na kusukuma vitu kwa picha ya pikseli moja isiyoonekana. Kurasa zikapendeza, na zikawa ngumu kama ubao. Mwaka 2000 John Allsopp wa Australia akaandika makala akiitumia hekima ya Kichina ya Dao kuwasihi wenzake wakubali kwamba ukurasa wa mtandao hauna ukubwa maalumu, na kwamba hiyo ndiyo nguvu yake. Miaka kumi ikapita. Mwaka 2010, simu janja zikiwa zimeshaenea, Ethan Marcotte wa Marekani akaianza makala yake kwa maneno ya Allsopp, na akaonyesha jinsi ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga kulingana na kila skrini. Ndio usanifu tunaoutumia sote sasa.

Mmarekani alilikopa wazo hilo kwenye majengo yanayobadilika kufuata watu waliomo, Mwaustralia kwa wahenga wa China. Binti wa Mombasa alikuwa amefungwa somo lake kiunoni.

Tukaanza upya. Kwanza nilimkataza kugusa kompyuta, nikamwambia aketi dukani siku mbili na daftari, aandike kila mteja anaanza kwa kuuliza nini. Jina likaongoza kwa mbali, likafuatiwa na bei ya doti, yaani jozi ya leso, kisha kama mzigo unatumwa Nairobi au Muscat. Ukurasa mpya ulifuata mpangilio huohuo. Juu kabisa jina la duka, mtaa na namba ya simu. Chini yake sanduku moja: "Andika jina la leso." Kisha majina yenyewe, yameandikwa kwa maneno halisi na si ndani ya picha, ili yatafutike, na ili simu inayomsomea asiyeona iweze kuyatamka. Kando ya kila jina ikaja picha ndogo, iliyopunguzwa uzito mpaka haili bando, na bei. Bahari iliondoka. Pindo alilibakiza: ukanda mwembamba mwekundu na mweusi juu na chini, aliouchora kutoka leso ya harusi ya mama yake. Nilitaka kumwambia autoe, nikanyamaza. Ulikuwa mahali pake.

Tulirudi dukani Ijumaa baada ya swala. Shangazi alivaa miwani, akagusa jina la pili kwa kidole gumba, likafunguka la tatu. Binti akatoa daftari akaandika: vitu vimekaribiana, ongeza nafasi. Shangazi akarudi nyuma, akaanza kushuka na majina taratibu, midomo ikicheza, kama anayehesabu mzigo ulioingia. Hakusema kwamba pazuri.

"Hili umelikosea," akasema, akiisogeza simu karibu na uso wa binti. "Umeandika HAUZI. Ni HAUOZI."

Binti akasahihisha palepale, na shangazi akaendelea na jina la nne.